Kipandikizi cha jino kilikaza vizuri siku ya kwanza, wiki ya 3 kinapungua uthabiti: tujadili uponaji wa mfupa na namna ya kuupima

Dkt_Taya

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaofanya utafiti wa upasuaji wa kinywa na wanaousoma ili wautumie kliniki. Nataka tukae kwenye kipindi kimoja tu: wiki ya 2 hadi ya 4 baada ya kipandikizi kuingia kwenye taya. Makala nyingi zinapima siku ya upasuaji, zinarudi kupima mwezi wa 3, kisha zinatoa hukumu. Kilichotokea katikati hakionekani popote, na hapo ndipo vipandikizi vinapookoka au kupotea.

Siku ya upasuaji kipandikizi kinashikiliwa na msuguano peke yake. Tundu limetobolewa jembamba kidogo kuliko skrubu, kwa mfano drili ya mwisho ya mm 3.5 kwa kipandikizi cha mm 4.1, kwa hiyo ncha za hesi (mistari ya skrubu) zinauma ukuta wa mfupa wa zamani. Kati ya hesi moja na nyingine kunabaki nafasi ndogo inayojaa damu. Damu inaganda, na nyuzi za fibrini zinashika kwenye uso wa titani. Siku 1 hadi 3 zinakuja neutrofili na makrofaji (seli za kinga) kusafisha eneo. Baada ya hapo mishipa midogo ya damu inaingia kwenye donge, na kufikia siku ya 7 hivi unaanza kuona mfupa mchanga, ule ambao nyuzi zake bado zimekaa shaghalabaghala.

Wakati huohuo upande wa pili wa kazi unaendelea. Mfupa wa zamani uliobanwa na ncha za hesi umepata nyufa ndogo na umekosa damu. Osteoklasti (seli zinazobomoa mfupa) zinaanza kuula. Kwa hiyo ule ukuta uliokuwa unakushikilia siku ya kwanza unapungua, na mfupa mpya bado ni mlaini, haujabeba nafasi yake. Ukichora uthabiti kwenye grafu unapata bonde, na chini kabisa ya bonde ni kama wiki ya 3. Kuanzia wiki ya 6 hadi ya 12 mfupa mchanga unabadilishwa taratibu kuwa mfupa wa matabaka, ndipo unaweza kusema kipandikizi kimeshikwa na mwili wenyewe.

Brånemark alipomwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya titani kule Gothenburg mwaka 1965, na kwa miaka mingi baadaye, utaratibu wa kundi lake ulikuwa kuvifukia chini ya ufizi na kusubiri: miezi 3 hivi taya la chini, 6 taya la juu. Walilivuka bonde kwa kutogusa kitu. Sisi leo tunaweka jino juu ndani ya wiki 1 (mzigo wa papo hapo), au kati ya wiki 1 na miezi 2 (mzigo wa mapema), maana yake tunapita katikati ya bonde tukiwa na mzigo. Ndiyo maana lazima tulijue vizuri.

Karibuni.

KeekeeTaratibu

Asante kwa uzi, daktari. Nianze na joto, maana bonde linaanza kuchimbwa na drili.

Eriksson na Albrektsson walionyesha mwaka 1983, kwa kuangalia mfupa hai wa sungura, kwamba nyuzijoto 47 kwa dakika 1 zinatosha kuharibu uponaji wa mfupa. Mwili uko kwenye 37. Akiba yako ni nyuzijoto 10 tu. Ukiwa kwenye koteksi (ganda gumu la nje la mfupa) nene ya taya la chini upande wa mbele, drili butu na mkono mzito vinaweza kuimaliza akiba hiyo haraka, na mkono wako hauhisi kitu.

Mambo yanayopandisha joto, kwa uzoefu wa maabara na kliniki:

- Kukandamiza drili mfululizo bila kuitoa. Toboa kwa kupanda na kushuka, sekunde chache chini kisha itoe yote ili vipande vya mfupa vitoke kwenye mifereo na salaini iingie. Mifereo ikijaa, hakuna maji yanayofika kwenye ncha.
- Drili iliyochoka. Fuata idadi ya matumizi aliyoandika mtengenezaji, na hesabu pia mizunguko ya autoklevu. Weka daftari la kila drili. Drili ya kwanza ya mm 2 ndiyo inayofanya kazi ngumu, nayo ndiyo inayosahaulika.
- Kuruka hatua. Kutoka mm 2 moja kwa moja hadi 3.5 unakata mfupa mwingi kwa mpigo mmoja.
- Kiolezo cha upasuaji cha kuongozea drili. Kinasaidia pembe na kina, lakini bomba lake linaziba maji ya nje. Hapo punguza kasi, toa drili mara nyingi zaidi, na mwagia salaini moja kwa moja kwenye tundu kati ya drili na drili.

Kasi ya kawaida ni mizunguko 800 hadi 1200 kwa dakika ikiwa na salaini ya kutosha. Kipandikizi chenyewe kinaingia kwa mizunguko 15 hadi 30 tu.

Kwa wanaopima joto maabara: weka themokapo (waya wa kupimia joto) ndani ya mfupa, mm 0.5 hadi 1 kutoka ukuta wa tundu, kwenye kina zaidi ya kimoja. Kamera ya infraredi inaona uso tu, chini haioni. Na mkitumia ubavu wa ng'ombe ulio kwenye joto la chumba, andikeni *ongezeko* la joto. Mfupa ulioanza kwenye nyuzijoto 21 ukafika 38 umepanda 17. Kwa mgonjwa ingekuwa 54. Mtu akisoma "38" peke yake atadhani drili hiyo ni salama kabisa.

Msomi_Kinywa

Shikamooni wakubwa. Swali: kama bonde linatokea kwa sababu mshiko wa mwanzo unapungua, kwa nini nisikaze zaidi tangu mwanzo? Nikifika Ncm 60 au 70 (Ncm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) badala ya 35, si hata kikishuka kitabaki juu?

Dkt_Taya

Marahaba, swali zuri. Jibu linategemea unakaza kwenye mfupa gani.

Kwenye mfupa wa sponji, kama wa nyuma ya taya la juu, kutoboa tundu jembamba zaidi na kuubana mfupa kunasaidia kweli. Mfupa ule una nafasi ya kubonyea na damu nyingi, unapona. Tatizo ni koteksi. Koteksi haibonyei, inapasuka nyufa ndogondogo, na mishipa midogo ndani yake inabanwa. Nguvu uliyoisoma kwenye kipimo inatoka karibu yote kwenye mm 1 au 2 za juu, shingoni mwa kipandikizi. Eneo hilo ndilo litakaloliwa na osteoklasti, na kadiri lilivyoharibika ndivyo litakavyoliwa zaidi. Umenunua uthabiti wa siku ya kwanza kwa kuongeza kina cha bonde. Ukuta wa mbele ukiwa mwembamba chini ya mm 1.5, unaweza kuupoteza kabisa na ufizi ukashuka nao.

Kwa hiyo ukikutana na koteksi ngumu, tumia drili ya kupanua shingo au kikata hesi kabla ya kuingiza. Kipimo kikipita 50 hivi na kipandikizi bado hakijafika chini, rudisha nyuma nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja, mwagia salaini, endelea. Kikigoma tena, kitoe na upanue tundu. Usilazimishe kwa rachi (spana ya kukazia).

Lengo halisi la kukaza ni kuzuia kutikisika. Mtikisiko mdogo mfupa unauvumilia. Mpaka unaotajwa sana ni kati ya maikromita 50 na 150. Ukizidi hapo, nyuzi za fibrini zinakatika kila mgonjwa anapotafuna, mishipa mipya haipiti, na seli zinajenga kovu la nyuzinyuzi badala ya mfupa. Ncm 35 kwenye mfupa wa wastani kwa kawaida inatosha kukuweka chini ya mpaka huo, ilimradi jino la muda halikutani na la upande wa pili wakati wa kuuma.

NambaSafi

Niingie kwenye vipimo, maana hapa ndipo makala nyingi zinaponiuma.

Kwanza, nguvu ya kukaza na ISQ ni vitu viwili. Nguvu ya kukaza inapima msuguano wa kuzunguka, na unaipata mara moja tu, siku ya upasuaji. ISQ, iliyotokana na mbinu ya mtetemo aliyoieleza Meredith mwaka 1996, inapima ugumu wa kuyumba pembeni kwa skeli ya 1 hadi 100, na unaweza kuirudia. Chini ya 60 ni mshiko dhaifu, 70 na zaidi ni mzuri. Kipandikizi kinaweza kuwa na Ncm 45 na ISQ 62 kwa sababu kimeshikwa shingoni tu. Kwa hiyo msiandike "uthabiti" bila kusema mmepima upi.

Pili, namna ya kupima. Kijiti cha kupimia, kinachofungwa juu ya kipandikizi, kiwe cha aina ileile ya kipandikizi, kikazwe kwa mkono tu (Ncm 4 hadi 6), na hesi zake ni laini, zinachakaa. Kijiti kilichotumika mara nyingi kinashusha namba chenyewe. Pima pande mbili: mbele kwenda nyuma ya ukingo wa taya, na kufuata ukingo wenyewe. Andika zote mbili. Wastani wake unaficha ukuta wa mbele ulio dhaifu. Na kama kipandikizi kimoja kimesimama mm 2 juu ya mfupa na kingine kiko usawa wa mfupa, usivilinganishe kwa ISQ. Kinachotoka nje kinayumba zaidi hata kama mshiko ni uleule. Linganisha kila kipandikizi na namba yake ya mwanzo.

Tatu, ratiba. Siku 0, kisha wiki ya 1, 2, 3, 4, 6, 8 na 12. Ukipima siku 0 na wiki ya 12 pekee utaandika "uthabiti uliongezeka kutoka 70 hadi 75", ilhali wiki ya 3 ulikuwa 63. Na usichore wastani pekee. Vipandikizi vilivyoanza juu sana ndivyo vinavyoshuka, vilivyoanza chini kwenye mfupa wa sponji mara nyingi vinapanda tangu mwanzo. Ukichanganya makundi haya mawili, bonde linajifuta kwenye grafu.

Nne, na hili naomba mlisome mara mbili: kipandikizi siyo mgonjwa. Vipandikizi 60 kwa wagonjwa 20 siyo data 60 huru. Mgonjwa mmoja mvutaji sigara anaweza kuleta hasara ya vipandikizi 3 kwa pamoja. Fanya hesabu ndogo: 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni vipandikizi kwa kila mgonjwa na ρ ni ufanano ndani ya mgonjwa. Kwa m = 3 na ρ = 0.4 unapata 1.8. Gawa 60 kwa 1.8, unabaki na 33. Hiyo ndiyo nguvu halisi ya utafiti wako. Tumia modeli mseto yenye mgonjwa kama ngazi yake, au chukua kipandikizi kimoja kwa kila mgonjwa.

Tano, "hakuna kilichopotea kati ya 30, mafanikio 100%". Kama hukuona tukio lolote kati ya n, mpaka wa juu wa 95% ni takriban 3 ugawanye kwa n. Kwa 30 ni 10%. Yaani data yako inaruhusu kupoteza kipandikizi kimoja kati ya 10. Andika hivyo.

KeekeeTaratibu

Hapo kwenye namba ya tano nakuunga mkono kwa nguvu zote. Niongezee: kubaki mdomoni na kufanikiwa ni mambo mawili. Vigezo vya Albrektsson na wenzake vya 1986 vinataka kipandikizi kisitikisike, kisiwe na kivuli cheusi kukizunguka kwenye picha, kisiwe na maumivu wala maambukizi ya kudumu, na baada ya mwaka wa kwanza kisipoteze zaidi ya mm 0.2 za mfupa kwa mwaka. Makala inayosema "98%" bila kusema 98% ya nini, iweke pembeni kwanza.

Mama_Hadubini

Nami naleta upande wa histolojia (uchunguzi wa tishu kwa hadubini), kwa sababu ile asilimia ya mfupa uliogusana na kipandikizi inatajwa kama imeshuka kutoka mbinguni, kumbe inatengenezwa na mikono ya watu maabara.

Titani haikatwi kwa maikrotomu (mashine ya kukata slaidi nyembamba) ya kawaida, kwa hiyo tunafuata njia ya kukata na kusaga waliyoieleza Donath na Breuner mwaka 1982. Kwa ufupi: kipande cha mfupa chenye kipandikizi kinatiwa kwenye formalini ya 10% iliyosawazishwa, ujazo angalau mara 10 ya kipande. Kisha alkoholi ya 70, 80, 96 na 100%, siku kadhaa kila hatua kulingana na ukubwa. Kisha resini inayoganda kwa mwanga, ikiingizwa kidogokidogo ikiwa imechanganywa na alkoholi hadi ifike resini tupu. Ukikimbiza hatua hii, alkoholi inabaki katikati, resini haigandi vizuri karibu na chuma, na pale pale unapotaka kupima panaachia.

Unakata kwa msumeno wa bendi wenye almasi kufuata mhimili mrefu wa kipandikizi, kisha unasaga hadi maikromita 30. Msumeno unakula mfupa kila unapopita, kwa hiyo kwa kipandikizi kimoja unapata slaidi 1 au 2 nzuri za katikati, basi.

Makosa ninayoyaona kwenye picha za makala:

Slaidi nene. Ukiacha maikromita 80 au 100, mfupa ulio nyuma unaonekana kana kwamba unagusa chuma. Asilimia inapanda bila mfupa hata chembe kuongezeka. Kama kundi A lilisagwa hadi 30 na kundi B hadi 60, tofauti yenu huenda ni ya sandpepa.

Ufa wa kusinyaa. Nafasi nyeupe kati ya mfupa na titani haimaanishi moja kwa moja kwamba mfupa haukushika. Angalia ukingo wa mfupa: kama umefuata umbo la hesi kwa usahihi, kama kivuli chake, na ndani hakuna seli wala nyuzi, huo ni ufa wa maandalizi. Kama ndani kuna nyuzi zilizolala sambamba na chuma na seli bapa, hilo ni kovu. Amueni kabla ya kupima mtavihesabu vipi, na anayepima asijue slaidi ni ya kundi gani.

Mkato wa mshazari. Hesi za kushoto na kulia zisipolingana kwa kina, mhimili umekosewa. Slaidi hiyo iondolewe.

Kwa kipindi cha bonde hasa, napenda rangi zinazong'aa. Kalseini miligramu 10 kwa kilo wiki ya 1, alizarini miligramu 30 kwa kilo wiki ya 3. Zinakaa mahali mfupa ulipokuwa unajengwa siku ile, kijani na nyekundu, kwa hiyo slaidi moja inakuonyesha nyakati mbili. Slaidi hizo zisipakwe rangi nyingine kabla ya kupigwa picha, na msitumie EDTA popote, maana inatoa kalsiamu na rangi inaondoka nayo.

Maikro-CT ni nzuri kwa ujazo wa mfupa mbali kidogo na chuma. Karibu na titani miale inafyonzwa na kutawanyika, unapata ukungu mweupe unaofanana na mfupa. Acheni vokseli (vipande vidogo kabisa vya picha ya 3D) 2 hadi 5 kutoka usoni na mseme mmeacha ngapi. Msiandike kwamba mmepima mgusano.

Msomi_Kinywa

Asante sana, mama. Na mnyama? Nimeona makala za sungura wiki 4 zikihitimisha kwamba kliniki tuweke jino wiki 4.

Mama_Hadubini

Usifanye hivyo, mwanangu. Mzunguko mmoja wa kuubomoa na kuujenga upya mfupa ni kama wiki 6 kwa sungura, 12 kwa mbwa, 17 kwa binadamu. Wiki 4 za sungura zimeshavuka sehemu ambayo mgonjwa wako bado yumo. Tena muundi wa sungura ni koteksi nyembamba yenye uboho chini yake. Hauna ufizi, hauna mate, hauna bakteria wa kinywani, hautafuni. Unafaa kulinganisha nyuso mbili za titani. Taya la mbwa au nguruwe mdogo liko karibu zaidi na swali lako.

Hata kwa binadamu kuwa makini na tarehe. Wagonjwa wa kujitolea waliowekewa vipandikizi vidogo vya majaribio, vikatolewa kwa hatua, walionyesha kwamba uso unaopenda maji ulikuwa na mgusano mkubwa zaidi siku ya 28. Siku ya 42 tofauti ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo uso huo unafupisha bonde. Mtu akipima mwezi wa 3 atasema "nyuso zote ni sawa", na atakuwa sahihi kuhusu mwezi wa 3 tu.

Fibrini_77

Wakuu, vipi kuhusu fibrini ya damu ya mgonjwa mwenyewe, ile PRF? Wengi wanaandika "2700 rpm dakika 12" (rpm ni mizunguko kwa dakika) na kuishia hapo.

NambaSafi

Namba hiyo pekee haitoshi. Kinachotenganisha damu ni nguvu ya g: 0.00001118 × r × rpm², r ikiwa sentimita. Kwa 2700, mashine yenye r ya sm 8 inatoa kama g 650. Yenye sm 11 inatoa kama g 900. Ni matibabu mawili tofauti yenye jina moja. Andikeni r, mmeipima hadi wapi kwenye mrija, pembe ya rota, mrija ni wa kioo au wa plastiki, na sekunde ngapi zilipita kabla mashine haijaanza kuzunguka. Hakuna dawa ya kuzuia kuganda humo, kwa hiyo ukichelewa zaidi ya dakika 1 hivi donge linaanza kujishika kabla ya kutengana.

Msomi_Kinywa

La mwisho kwangu. Wiki ya 3 nafungua kofia ya uponyaji (kifuniko cha muda juu ya kipandikizi) ili nipime ISQ, kipandikizi kinazunguka nayo. Mgonjwa hana usaha, hana uvimbe. Kwenye utafiti nakiandika kimepotea?

Dkt_Taya

Hapana, bado. Tofautisha mambo mawili. Kinazunguka, au kinayumba pembeni? Kinachoyumba pembeni na kuuma ukikibonyeza, kina kivuli cheusi kukizunguka kwenye picha, hicho kimeshindwa. Kitoe, kwangua tundu hadi mfupa unaovuja damu, andika tarehe.

Kinachozunguka tu, bila maumivu makubwa, bila usaha, ISQ ya pembeni haijaanguka sana, mara nyingi kiko chini ya bonde: mfupa mchanga upo lakini haujastahimili kusokotwa. Acha mara moja. Usijaribu tena kwa rachi "kuhakikisha", kila jaribio linakata mishipa iliyoingia wiki ile. Rudisha kofia kwa vidole, ondoa jino la muda kama lipo, mwambie mgonjwa asitafunie upande huo, na subiri wiki 8 hadi 12 nyingine. Vingi vya namna hii vinashika.

Kwenye fomu ya utafiti kiwe na safu yake: "kilizunguka, wiki ya 3, kiliachwa", na matokeo yake yafuatwe hadi mwisho. Na hilo liwe kwenye itifaki kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, kwa sababu mkiamua baadaye, kila mpasuaji ataamua kulingana na kundi analolipenda. Kofia ya uponyaji tangu siku ya kwanza ikazwe kwa vidole tu, na ule upimaji wa wiki ya 2, 3 na 4 ufanywe na mtu mmoja yuleyule, akishikilia shingo ya kofia kwa kifaa cha kuzuia msokoto ikiwa mfumo unacho. Kuchukua nakala ya kinywa, kubadilisha jino la muda, kukaza abatimenti (kiungo kinachobeba jino) kwa Ncm 35: vyote hivyo vipangwe kabla ya wiki ya 2 au baada ya wiki ya 6.